Miche ya Baba Mdogo

Kijijini Ipyana, Jumanne

Mikono bado inaninuka udongo. Leo asubuhi baba mdogo amepanda miche ya kakao kwenye shamba la marehemu baba, bila hata kumuuliza mama. Huku kwetu kakao ikishaanza kuzaa, shamba linahesabika la aliyeipanda. Hakuna baraza la ardhi litakalomtoa.

Nilikuwa nimeshaamua nifundishe kwanza, nijiwekee akiba, ndipo nikasome sheria, nije kulidai shamba hilo mahakamani. Leo nikamwambia mama labda niache ualimu, niende chuo moja kwa moja.

"Utaendaje, mwanangu, na hatuna kitu?" akasema huku akipepeta mchele. "Kafundishe. Kesi itasubiri."

Kesi labda itasubiri. Miche haitasubiri. Nitakapokuwa wakili baba mdogo atakuwa anavuna. Na nisipofundisha, huo uwakili wenyewe...

Jioni baba mdogo akaja mwenyewe, akasema mgongo unamuuma, miche haijapata maji. Mama akanitazama. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikachukua ndoo.

Nimeimwagilia yote mimi. Akanishukuru: ndaga, mwalimu.