Seng'enge ya Pande Tatu

Jumanne, Kitengela

Na bado shamba langu liko wazi upande wa barabara. Posti na seng'enge za pande zingine tatu zimemeza mitamba wawili, ambao niliwauza nikisema nalinda nyasi ya watakaobaki. Fundi alishaenda na vyombo vyake.

Leo nimefika shamba huko Kajiado nikakuta ng'ombe wa jirani, Mzee Parsaloi, wamejaa ndani. Wanaingilia barabarani, wakifika nyuma waya inawazuia, basi wanatulia wanakula. Yeye ameketi hapo palipo wazi, fimbo magotini, kama lango.

“Sopa, Baba Naserian. Hii seng'enge yako imetusaidia. Siku hizi ng'ombe hawapotei.”

Nikaitikia, “Epa.” Ni kiangazi, na kwetu hufukuzi ng'ombe mwenye njaa kwenye nyasi, hata kama nyasi yenyewe...

Mke wangu ameniuliza kama nyasi imeshika. Nimesema imeshika.

Nimeuliza bei ya waya ya upande uliobaki. Ni mtamba mmoja.

Niko na mmoja.