Picha Mlangoni

Hospitali ya misheni, Meru
4 Machi 1955

Mama mpendwa,
Habari za siku nyingi? Mimi sina neno, wasiwasi wangu ni huo mkono wako wa kulia. Daktari ameitazama tena ile picha ya eksirei tuliyopiga ulipokuja kutolewa plasta. Miezi mitatu, na mfupa kati ya bega na kiwiko bado haujaunga. Anataka kuupasua mkono, aufunge mfupa kwa bamba la chuma na skrubu sita. Asipofanya hivyo hutashika jembe tena. Nimekuwa dresa hapa miaka minne, nafunga vidonda, nimeona mikono kama huo ikipona. Weka kidole gumba kwenye karatasi hii ya kukubali upasuaji, uirudishe upesi.
Mwanao,
Runji

Runyenjes, 15 Machi 1955

Mwanangu Runji,
Nashukuru Mungu kwamba uko mzima. Mimi pia ni mzima, ukiondoa mkono. Jirani yangu Felicitas ndiye anayeniandikia, na nimemwambia aandike Kiswahili, ili bwana anayefungua barua zetu asihangaike kutafuta mkalimani.
Kisu sikiogopi. Lakini hii karatasi yako inasema, “Alianguka handakini.” Nani alianguka? Tulikuwa tunachimba handaki la kuzungushia kijiji, nikasimama kunyoosha mgongo, Njagi yule homgadi wa serikali akanipiga rungu. Kijiji kizima kiliona. Andikeni hivyo, nami nitaweka kidole. Mkikataa, nitalima kwa mkono wa kushoto.
Mama yako,
Mukami

Meru, 29 Machi 1955

Mama,
Hujambo? Mimi usingizi umenipotea. Mama, ni mimi niliyeandika kwamba ulianguka. Niliogopa tukimtaja Njagi watakufunga, na mimi nifukuzwe kazi. Hayo ni maneno tu, lakini mkono ni wako. Usiupoteze kwa sababu ya Njagi. Nakuomba sana.
Runji

Runyenjes, 8 Aprili 1955

Runji,
Salamu. Kumbe ni wewe. Hilo limeniuma kuliko rungu. Andika upya.
Mama

Runyenjes, 20 Septemba 1955

Mwanangu,
Hujambo huko? Huku kidonda cha upasuaji kilikauka zamani, na wiki hii nimelima mistari miwili ya maharagwe kwa mkono wa kulia. Unauma mvua ikikaribia, basi.
Nimesikia walikutoa wodini, sasa unaosha chupa, kwa sababu ya jina la Njagi uliloliandika mbele yangu. Pole, mwanangu. Nilikukasirikia, na sasa najivunia wewe, nataka ujue yote mawili.
Ile picha ya pili uliyonipa nimeitundika mlangoni. Jua likiipiga, skrubu zote sita zinaonekana. Njagi hupita mlango kwa mlango kila asubuhi kuhesabu watu. Jana aliniamuru niitoe. Nikamwambia mkono ni wangu, na kuuvunja ni kazi yake, kwa hiyo aingie aitoe mwenyewe. Watu walikuwa wamejaa njiani. Aliitazama sana, hakuingia.
Leo ametuhesabu akiwa barabarani.
Mama yako,
Mukami