Zile Nafasi Tupu za Mwalimu Patroba

Jumanne, 10 Juni 2025
Nimeuza kuku zote soko ya Lubao, nikafika mazoezi nikinuka manyoya. Mwalimu Patroba ametupa wimbo mpya. Mpya! Imeandikwa Italia miaka mia nne imepita. Kilatini. Kwaya mbili, moja madhabahuni, yetu huku mlangoni, zinajibizana. Mwalimu ameitoa kwa karatasi ya noti za mistari mitano, akatuandikia do-re-mi kwa mkono, miezi minne, na macho yake ndiyo hiyo inaisha. Karatasi yangu ya sauti ya besi iko na nafasi tupu kila mahali. Nikamuuliza, Mwalimu, wino iliisha? Akasema hapo unanyamaza, unahesabu. Kumbe kuna kazi haitaki shule!

Alhamisi, 12 Juni
Leo sikucheka. Tulikuwa tumenyamaza — moja, mbili, tatu, nne — sauti ya wale wa mbele ikapanda mpaka kwa mabati, na kabla iishe sisi tukaingia chini yake, pole pole. Nywele ya mkono ikasimama! Navalayo wa alto akaniangalia. "Andati, unalia?" Nikamwambia ni manyoya ya kuku.
Jumatatu binti ya Mwalimu anamchukua, anaenda kukaa kwake Matungu. Hiyo wimbo Mwalimu anaijua kwa karatasi tu. Anataka aisikie mara moja, vile imeandikwa.

Jumamosi, 14 Juni
Ptu! Nimetema mate mpaka koo inauma.
Sifuna, mwenyekiti wa kwaya, amekuja akatupata tumenyamaza. "Tuliwashonea joho mkuje kusimama kama milingoti ya stima?" Mwalimu akaeleza. Sifuna akacheka — mzee, macho imekudanganya, umeruka maneno. Mbele yetu wote! Akatoa kalamu ya biki akajaza kila nafasi: Haleluya, Haleluya. Ni kama kumwaga soda kwa mchuzi ya ingokho, ile kuku yetu. Halafu akasema Elvis, kijana wetu wa kinanda, apige biti ya harusi.
Na tukaimba! Hata mimi. Kinyaa tupu. Mwalimu alikunja karatasi yake, akaiweka mfukoni.
Na kinanda ni ya nani? Yangu. Mimi ndio nakodishanga. Nimeoga mara mbili, bado najinukia.

Jumapili, 15 Juni
Niko choo ya kanisa, naandika kwa goti. Joho nimekunja isiguse chini. Inanuka hapa, lakini si kama ile Haleluya.
Waya ya kinanda iko ndani ya soksi yangu.
Huko nje Sifuna anauliza kila mtu waya iko wapi. Elvis anaapa jana ilikuwa. Mwalimu nimempita ameketi katikati ya kanisa, hapo sauti mbili zinakutana. Hana hata karatasi.
Navalayo amekuja mlangoni, kwa sauti ndogo: "Wa besi, toka. Nimewaambia wa kwaya yetu wasisome maneno ya biki. Lakini bila wewe hatuingii."
Kengele!
Sasa ni ngumi ya Sifuna kwa mlango. "Andati! Najua uko ndani!"
Nimenyamaza. Nahesabu. Moja, mbili, tatu —