Kwa Nini Mama Alikiombea Kiwanda

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo kwa kadiri tulivyo, na wasiwasi wetu ni juu yako. Je, mgongo uliopasuliwa unakuacha ulale sasa? Shemeji hajambo? Wanao wameshaizoea baridi, au bado wanalala na soksi? Mama magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani kakwambia amechoka. Mimi cherehani yangu bado inanilisha.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama ni kweli wanayokwambia watu, kwamba mama aliwauza majirani kwa wenye kiwanda. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningeishia kulia nawe usiambulie kitu. Kwa hiyo nimekaa chini nikuandikie, na nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujasema lolote.

Unakikumbuka kile kiwanja cha nyuma ya mtaa wetu, mlikokuwa mkicheza mpira na marehemu mdogo wetu Kitinda. Leo hukitambui. Lilipoanguka lile ghorofa, Kitinda akiwa ndani anabandika vigae, malori yalihamishia kifusi chote pale. Wajenzi wengine nao wakaona ndiyo jaa, wakawa wanamwaga cha kwao. Sasa ni mlima: zege, matofali, nondo zilizopinda, fremu za milango isiyo na nyumba.

Mwaka huu ikaja kampuni ikasema itajenga pale kiwanda cha kuchambua kifusi. Nondo zitolewe zikayeyushwe, mbao zitengwe, zege lisagwe liwe kokoto upya. Ila kwenye ramani ya halmashauri kiwanja kile ni cha makazi, na kukigeuza kiwe cha viwanda lazima wakazi wasikilizwe kwanza. Hapo ndipo mtaa ulipowaka moto.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa mbele. Unamjua, akilishika jambo hata chakula kinapoa. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya saini za kupinga, na wala hakuwa na ubaya: mama mdogo ana pumu, na vumbi la zege linalosagwa si la kuchezea. Kila mtu alitia saini, mimi nikiwemo. Mama alimwambia baba mdogo kwamba miwani yake haioni vizuri, apite kesho. Kesho yake miwani ikawa imepotea kabisa. Baba mdogo akatoka akinung'unika kwamba mama anazeeka vibaya.

Jambo jingine ambalo hatukuwahi kukwambia ni kwamba mama alikuwa akienda kule kwenye kifusi kila asubuhi. Watu walidhani anaokota vyuma vya kuuza. Watoto wa mtaa wakampa jina, Mama Kifusi, naye akawa anaitika.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika, wengine wakachungulia madirishani. Afisa wa mipango miji, dada mmoja mpole wa sauti ndogo, aliwaacha watu wamalize yao yote. Walisema kuhusu vumbi, kelele, nyufa za kuta, malori na watoto wanaokwenda shule. Baba mdogo alizungumza vizuri mpaka akapigiwa makofi. Kisha mama akanyanyuka, na magoti yake yale, akasema anaomba kibali kitolewe.

Kaka, ukumbi ulichafuka. Kuna aliyepaza sauti akamuuliza amehongwa nini. Mama akasubiri kelele zipungue. Akasema ana ombi moja tu, kwamba siku watakapoanza kukichambua kifusi kile wamruhusu akae pale atazame. Yule dada akamuuliza taratibu anataka kutazama nini.

“Mwanangu yumo mle,” mama akasema. “Nimezunguka ofisi zote kuomba wamtafute, wakaniambia hawawezi kufukua mlima kwa ajili ya mtu mmoja. Hawa wa kiwanda watagusa kila jiwe. Basi waacheni waguse.”

Najua hapa umeiweka barua chini, kwa sababu picha ya kaburi la Kitinda unayo ukutani kwako. Sijui nikwambieje, kaka, ila ndani ya jeneza lile mlikuwa na shati lake jeupe na viatu vyake vya kutokea, basi. Hatukumpata. Waokoaji walitafuta, kisha wakasema inatosha. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umetoka chumba cha upasuaji, na daktari alishamwonya shemeji usipewe mshtuko. Baba mdogo akaamua uambiwe kwamba amepatikana na amezikwa vizuri. Jeneza likafungwa, waombolezaji wakadhani hatazamiki. Baadaye, kila tulipotaka kukwambia ukweli, tuliahirisha.

Baba mdogo alipomsikia mama pale ukumbini, aliketi, akafunika uso kwa zile karatasi zake za saini.

Kibali kilitolewa, kwa masharti: ukuta mrefu, vumbi limwagiwe maji, mashine zizimwe jioni, na kifusi cha ghorofa lile kianze. Vumbi lakini linapita juu ya ukuta. Mama mdogo imembidi ahamie kwa dada yake, na wako majirani ambao hawatusalimu tena. Siwalaumu. Mama naye hawalaumu. Anasema lawama hiyo ni yake, ataibeba.

Wafanyakazi walimpa kiti cha plastiki na kofia ngumu, akawa anakaa pale kutwa. Asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani, mashine zote zikanyamaza kwa mpigo. Ukimya ule ndio ulionitoa mbio, na kipande cha nguo mkononi. Nilimkuta mama amepiga magoti kwenye kokoto, mama mmoja wa kuchambua mbao amemshika mabega. Hospitali walichukua mate ya mama wakapima, wakalinganisha na mifupa iliyopatikana. Jana majibu yametoka. Ni yeye.

Hatujamzika. Baba mdogo alipoanza kupanga siku, mama alimkatiza, akasema safari hii Kitinda hazikwi kaka yake akiwa hajui. Tutalifungua kaburi lilelile. Kama mgongo unakuruhusu, njoo. Kama una hasira njoo nazo, mama amesema umfokee yeye, baba mdogo umwache.

Shemeji mpe pole, na wanao uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Baba mdogo anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari hapa, akashika kalamu, akanirudishia. Mama naye anakusalimu sana. Leo asubuhi hakwenda kule. Amekaa hapa mlangoni, na hajui mikono yake aiweke wapi.

Ni mimi,
mdogo wako akupendaye