Miadi ya Picha Aliyoweka Twaha

Jumatatu, 13 Januari

Dukani tangu saa tatu asubuhi. Abaya mpya zimefika, nimezitundika peke yangu kwa sababu mwenzangu ana mafua. Wateja wawili kutoka Lubumbashi, mmoja kutoka Mwanza. Wa Mwanza mbishi kupita kiasi. Nimemjibu vibaya, arbab, bosi wangu, akanitazama. Leo sina uvumilivu wa kumbembeleza mtu.

Mchana simu ya kaka yangu Twaha imelia, ujumbe umeingia. Naibeba mkobani tangu afariki. Siku ya ishirini leo. Sijui kwa nini naendelea kuichaji.

Ujumbe ni wa mpiga picha, anaitwa Prossy. Anakumbusha miadi ya Jumapili. Watu watatu, sehemu tatu: nyumba za kale za Fahidi, kwenye Fremu, lile jengo la dhahabu lenye umbo la fremu ya picha, na chini ya mnara mrefu. Kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Kaka yangu aliweka miadi hiyo wiki ileile aliyomkatia mama tiketi ya kuja huku kututembelea. Yeye, mama na mimi. Hakuniambia. Alitaka kunishtukiza na mimi pia.

Nimejifungia choo cha dukani nikalia. Kisha nikanawa uso nikarudi kuuza.

Mama anafika Alhamisi. Hajui kitu.

Jumanne, 14 Januari

Mama amepiga mara mbili kutoka Tanga. Anauliza Twaha siku hizi anapenda achari ya embe au ya ndimu. Nimesema ya ndimu. Anauliza mbona hapokei simu. Nimesema uongo uleule wa wiki tatu: kampuni imempeleka jangwani, mtandao haushiki.

Uongo huu sijauzoea. Ningeuzoea ningejiogopa.

Jumatano, 15 Januari

Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja Rashidiya, kwa Mjomba Seif. Ni binamu yake mama. Wazee wake walihama Unguja zamani, yeye amezaliwa hapahapa. Ndiye aliyemzika Twaha. Alipata simu asubuhi kutoka kwenye nyumba ya wafanyakazi Al Qusais, kwamba kijana hakuamka. Moyo, walisema. Miaka thelathini na mmoja. Mjomba alishughulikia kila kitu, akashuka kaburini mwenyewe. Kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

Lakini ndiye pia aliyesema mama asiambiwe. Mama ana presha. Mwaka juzi alianguka akapoteza kauli siku mbili. Na kwetu habari ya msiba haitolewi kwa simu. Mtu hukalishwa, akashikwa mkono, wakawepo watu wake. Mjomba na wenzake wakasema tiketi ipo, viza ipo, basi aje aambiwe huku akiwa mikononi mwetu.

Nilikubali. Hapa hakuna anayenisoma, niandike ukweli: nilikubali haraka. Niliogopa ningekuwa mimi wa kumwambia.

Kikao cha leo kilikuwa cha kuamua lini. Mimi nilisema siku anayofika. Mjomba akasema apumzike kwanza. Kisha nikafanya upumbavu, nikataja miadi ya picha.

Uso wa Mjomba ukang'aa. "Basi hiyo kheri, mwanangu. Apigwe picha zake, afurahi, moyo upate nguvu. Jioni yake tutamkalisha hapa, daktari awepo, tumwambie."

Bi Rukia, mkewe, akaunga mkono. "Mwacheni bibi wa watu ale hata wali wa siku mbili kwa raha."

Nikasema ni ukatili. Mjomba akasema khalas, jambo limekwisha. Nimerudi na metro nimesimama njia nzima, na viti vilikuwepo.

Alhamisi, 16 Januari

Amefika. Ametoka langoni akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

Kazini, mama.

"Siku anayokuja mama yake?" Akacheka. "Huyu mtoto kaoa kazi."

Amenenepa kidogo, amependeza. Kumbe habari za picha anazijua kuliko mimi. Twaha alimwambia tangu mwanzo. Amemshonea kanzu ya kuvaa siku hiyo, darizi ya mkono shingoni, miezi miwili ameikalia. Ameikunjua sebuleni kwa Mjomba tuione. Bi Rukia amekimbilia jikoni.

Mimi nimebaki nikasema ni nzuri. Ni nzuri kweli.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya swala wanawake wa Rashidiya wamekuja kumkaribisha. Wote wameonywa mlangoni: hakuna pole, hakuna kusema marehemu. Wamekaa wakanywa kahawa, wakauliza habari za Tanga, wakasifu tende.

Bi Zuwena, mtu mzima kuliko wote, alipopeana mkono na mama alianza kulia. Akasema jicho linamsumbua. Mama akamshika kidevu, akalichungulia lile jicho, akamwelekeza dawa ya matone. Bi Zuwena akazidi kulia. Wenzake wakacheka kwa nguvu ili kufunika.

Sebule nzima tunajua, yeye peke yake hajui. Nilijiona mchawi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimevuruga.

Asubuhi mama amesema kama Twaha haji, picha zisipigwe. Miadi iahirishwe hadi atakapopata ruhusa. Kwa nini apigwe picha na mtoto mmoja wakati anao wawili?

Mjomba akanitazama. Bi Rukia akanitazama. Hapo ndipo ungekuwa wakati wa kusema. Mama alikuwa ameketi, ameshiba, amekunywa dawa yake. Nilifungua mdomo kabisa.

"Atakuja, mama. Atatukuta mnarani."

Hakuna aliyenituma. Limetoka lenyewe.

Mama akanyanyuka papo hapo, akaomba pasi, akaanza kuinyoosha ile kanzu. Mjomba akaniita nje kwenye maegesho. "Umefanya nini, mwanangu?" Nikamwambia nimefanya alichotaka yeye. Nimemkosea adabu, na sijutii. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumapili, 19 Januari

Naandika jioni hii ili nisije nikaipamba baadaye.

Saa nane tulikuwa Fahidi. Prossy ni Mganda, mwembamba, mkoba wa kamera umemzidi umbo. Ni mlinzi wa hoteli, picha anapiga siku zake za mapumziko. Nilisahau jambo moja la msingi: kumwonya. Salamu hazijaisha akauliza, "Na ule brother alibook, Twaha, yeye iko wapi?"

Mama akamjibu kwa madaha. "Anakuja. Ni mtu wa kazi nyingi."

Prossy akampiga mama picha kwenye vichochoro, mbele ya milango ya mbao. Mama alitembea wima, mtandio wa kijani. Alicheka alipoambiwa acheke. Mjomba nyuma yetu, kanzu mkononi kwenye mfuko wa nailoni. Sijapata kumwona mama mrembo vile.

Kwenye Fremu alitaka kujua kama dhahabu yote ile ni ya kweli. Akasema Twaha atamweleza.

Mnarani tulifika saa kumi na nusu. Hapo mama akaketi kwenye ukingo karibu na bwawa, akakataa kupigwa hata picha moja. Ya hapa ni ya watatu, alisema. Prossy akasubiri nusu saa. Akasubiri saa nzima. Kila kijana mrefu aliyetokea upande wa metro, mama alinyanyuka, kisha akaketi tena. Mjomba akaenda kusimama mbali akitazama maji.

"Mama, mwangaza inaenda," Prossy akasema kwa upole.

"Naye yuko njiani, mwanangu. Hebu ngoja kidogo." Kisha akanigeukia. "Mpigie umuulize amefika wapi."

Simu ya Twaha ilikuwa mkobani mwangu, inanigusa ubavu. Nikachuchumaa mbele ya mama, nikamshika mikono yote miwili. Sikumngoja daktari, sikumngoja Mjomba.

"Mama, Twaha amefariki."

Wakati uleule chemchemi za bwawani zikaanza kuruka. Muziki, maji juu, mamia ya watu wakishangilia na simu zao hewani. Mama akaniinamia. Hakusikia. Akanipa sikio.

Ilinibidi nirudie kwa kupiga kelele.

Hakuanguka. Presha haikumpanda kama walivyoogopa wote. Alinitazama, akauliza lini. Nikasema. Akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka muziki ukaisha na watu wakatawanyika. Prossy alikuwa ameiweka kamera chini, analia, hajui kwa nini hakuambiwa.

Mama akamwita Mjomba. Akaichukua ile kanzu mikononi mwake akaipakata. Tukaenda kwenye gari.

Jumatatu, 20 Januari

Sikwenda kazini. Daktari amekuja, amesema yu salama. Mama hasemi na mtu. Anaswali, anaketi, anaswali. Chai nimempelekea mara tatu, mara tatu imepoa.

Nimetamani anipige.

Jumanne, 21 Januari

Amesema anataka kufika makaburini. Mjomba akatupeleka Al Qusais. Sisi wanawake tulibaki garini nje ya ukuta, kama mimi nilivyobaki nyumbani siku ya maziko. Sijaliona kaburi la kaka yangu, na naishi vituo vitatu vya metro kutoka hapo.

Mama akateremsha kioo. "Seif. Uliyataka mapicha wewe. Basi nenda kanipigie picha pale alipolala."

Mjomba akaenda. Alichelewa kurudi. Akampa simu. Mchanga, jiwe dogo lenye namba, kivuli cha Mjomba mwenyewe. Picha imechezacheza. Akasimama pale dirishani, mzee wa miaka sabini, akasema, "Nisamehe, dada."

Mama akasema amemsamehe. Amesema kwa haraka mno, nadhani alitaka aondoke dirishani.

Mimi hakunigeukia.

Ijumaa, 24 Januari

Hitima imesomwa leo kwa Mjomba. Wamejaa mpaka ngazini. Wanawake walewale wa Ijumaa iliyopita, leo wamelia kwa sauti. Bi Zuwena amemkumbatia mama wakatulia hivyo muda mrefu. Kanzu mama amempa kijana mmoja wa msikitini anayeoa mwezi ujao. Ameivaa papo hapo, imemkaa sawasawa.

Watu walipoondoka mama akaniita chumbani. Nilijua ni hesabu yangu sasa.

Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Aliniuliza kama najua yeye huomba dua gani kwa watoto wake baada ya alfajiri. Nikasema sijui.

"Yako, upate mume mwema. Yake, apate afya, arudi nyumbani salama. Siku ishirini na sita namwombea maiti arudi salama. Mwanangu alikuwa anangoja dua nyingine kabisa, na mimi sikumpelekea. Kunificha mimi, ningeelewa. Lakini yeye mmemnyima haki yake kwangu."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Hata mara moja. Tulikaa vikao, tukapima presha, tukapanga daktari, tukaziba midomo ya mtaa mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Nimemshika miguu. Ameniacha niishike, hakuninyanyua.

Jumapili, 26 Januari

Upepo leo, vumbi. Nimempikia mama uji, ameumaliza. Anaondoka kesho. Masanduku yako tayari.

Adhuhuri Prossy ametuma picha. Arobaini na mbili, za Fahidi na za Fremu. Ameandika pole ndefu, kwa Kiingereza na Kiswahili chake. Nilitaka kuzifuta kabla mama hajajua. Kisha nikajiambia basi, imetosha kumfichia mambo. Nikampelekea simu.

Ameketi kitandani akazitazama moja moja. Mimi nyuma ya bega lake. Ilikuwa ya kumi hivi nilipoona. Katika kila picha mama amesimama pembeni. Kushoto yupo yeye, kulia hakuna mtu, ukuta mtupu au anga. Nafasi ya mtu mmoja. Siku ile nilisikia Prossy akimwambia asogee katikati, tena na tena, nikadhani mama haelewi Kiswahili chake. Nilikuwa nimesimama na aibu zangu, sikuangalia.

Prossy ameuliza jambo moja. Anaweza kukata upande ule mtupu, mama akae katikati, zipendeze zaidi. Nimemsomea mama ujumbe kama ulivyo.

"Mwambie asikate."

Akarudia picha ya mlango wa mbao, akaikuza kwa vidole. Si uso wake. Alikuza upande wa kulia. Akausomea Fatiha, taratibu, herufi kwa herufi. Alipomaliza akanisogezea mto niketi karibu yake.

Nimemjibu Prossy aziache zote kama zilivyo. Mama amejinyoosha kidogo kabla ya alasiri. Nitamwamsha wakati wa swala.