Tangi la Samaki la Baba Limeota Mwani, na Kaka Anakuja na Ndoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku kaka yangu atakapokuja na ndoo zake na rafiki zake wawili wenye nguvu, na akishafika huyo hakuna wa kumzuia, na mimi hapa nilipo sijui nisimame upande wake au upande wa mama.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, kitinda mimba wa nyumba yetu, na ndiye ninayeishi na mama. Marehemu baba yetu alikuwa kinyozi, na watu wa mtaa huu wanamkumbuka kwa jambo moja, kwamba kiti chake cha kunyolea hakikutazama kioo, kilitazama tangi la samaki. Walikuwa wanamcheka, kinyozi gani huyu, mteja hajioni mpaka amalizwe! Lakini baba alikuwa na akili yake, na akili yenyewe ilikuwa ni watoto. Mtoto akiletwa kunyolewa mara ya kwanza analia mpaka barabarani wanasikia, basi baba anaweka ubao juu ya mikono ya kiti, anampandisha, anamwambia, "Humo ndani kuna mzee mmoja anaitwa Mwenyekiti, hana kazi yoyote anayofanya, amejificha kwenye majani, hebu nitafutie," na mtoto anatumbua macho kumtafuta Mwenyekiti, ambaye ni kambale mdogo mweusi mwenye mdomo wa kunyonyea mawe, na huku nyuma mashine imeshazunguka masikio yote mawili. Aliyemaliza bila kulia alipewa chakula cha samaki, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, akawarushia mwenyewe. Nusu ya wanaume wa hapa kwetu, na ndevu zao, wamewahi kulisha samaki wale.

Mimi nikitoka shule nilikuwa nakaa kwenye benchi la wateja nafanya masomo yangu, pampu inanguruma polepole, harufu ya poda na spiriti, na maji yalikuwa safi hata ungedhani samaki wanaelea hewani. Baba alipanda majani ya majini ya kila namna, marefu kama utepe na mafupi kama zulia, na yakizidi aliyapunguza kwa mkasi ule ule wa nywele, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, akiyaambia, "Inamisha kichwa, bwana." Nikisikia mahali popote pampu ya namna ile nageuka kumtafuta baba, mshauri, nakwambia ukweli.

Miguu ilipomchoka akafunga duka, tangi likaja sebuleni, likawekwa kwenye ukuta wa ndani karibu na kabati la vyombo. Kila jioni alikuwa anazima taa ya tangi kwa maneno aliyozoea kuwaambia wateja wa mwisho, "Haya jamaa, tumefunga," na akishazima hakuondoka, alivuta kiti akakaa pale pale gizani kimya, sijui alikuwa anangoja nini, mpaka mama aite kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa.

Basi baba akatutoka. Siku ya msiba wanaume walilisogeza tangi mpaka dirishani ili viti vya watu vienee, na liko huko huko hadi leo. Taa haijazimwa tangu siku ile. Mama alisema taa ya mzee iachwe, na kusema kweli hata mimi nilijaribu mara moja, mkono ukakataa. Na wageni wanaokuja kumpa mama pole, wale waliokaa kwenye ubao zamani, kila mmoja anaomba abane kidogo awarushie samaki kwa kumkumbuka kinyozi wao, na wajukuu hivyo hivyo, na mama mwenyewe akiamka na akirudi sokoni. Nani atawakataza?

Sasa lione tangi. Kwanza kioo kilishika utelezi wa kijani, wanaojua wanauita mwani, nikafuta ukarudi. Kisha majani yakaota nyuzi nyuzi za kijani kila mahali. Nikakasirika, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe kwa sabuni ya unga, nikakamua lile sifongo la kichungi kinachochuja maji ya tangi kwenye bomba mpaka likawa jeupe pee, nikajaza upya, nikasema leo tumepona. Loh! Wiki haikuisha, maji yenyewe yakageuka kijani, na samaki wadogo wakaanza kuelea. Nikarudia tena kwa sabuni zaidi, ikawa mbaya zaidi. Mikono yangu imechubuka, sare za watu zinachelewa.

Na mama bado anavuta kiti chake kila jioni anakaa mbele ya ule ukijani. Ananiuliza, "Mwenyekiti yupo?" Namjibu, "Yupo, mama, amejificha." Mshauri, sijamwona Mwenyekiti siku nyingi sana.

Kaka yangu tunamwita Injinia, kwa sababu utotoni aliifungua redio ya baba na redio ile haikusema tena. Si mtu mbaya. Anasema, "Mama yetu anakaa anatazama dimbwi, hayo ni maisha gani?" Anataka tangi litoke, mahali pake paje televisheni kubwa, mama apate kuchangamka. Mama alipoambiwa hakupiga kelele, alisema tu, "Likitoka hilo, na mimi mnitafutie pa kwenda." Tangu hapo haongei na Injinia, wala chakula hali vizuri.

Naomba uniambie, nimwache kaka alitoe, kidonda kipate kufunga, au nipigane naye? Na je, nikienda kwa wauza samaki nikanunua kambale anayefanana na Mwenyekiti, nikamtia humo kimya kimya, nitakuwa nimemkosea mama?

Ni mimi, binti wa kinyozi.

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa kinyozi, pole. Pole kwa kufiwa, na pole kwa mikono. Pole imekwisha, sasa keti nikwambie.

Unaniuliza usimame upande gani, na huku barua yako mwenyewe imeshajibu. Isome tena. Taa haizimwi. Tangi liko dirishani. Kila anayepiga hodi anarusha chakula. Ala! Mwani unataka nini tena, upewe na mto wa kulalia? Mmeupa mwanga mchana kutwa na usiku kucha, mmeupa na jua la bure, na kile chakula wasichokimaliza samaki kinaozea mchangani kinakuwa mbolea. Mwani haukuwavamia. Mliukaribisha mkautandikia.

Sikucheki, mwanangu. Sijaona mtu mbaya hata mmoja katika kisa chako. Viti vilihitaji nafasi, wale wenye ndevu walitaka kumkumbuka mtu aliyewanyoa, na mama hakutaka kuzima alichowasha mumewe. Yote ni mapenzi. Lakini samaki hawajui mapenzi, wanajua maji.

Na wewe na sabuni yako! Hapo nakugombeza kabisa. Ndani ya sifongo lile na kwenye mawe yale kulikuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Baba yako alivifuga miaka yote. Wewe umevifua kwa sabuni ya unga ukavimwaga shimoni, halafu unashangaa samaki wanakufa. Usiulize nimejuaje. Mume wangu wa kwanza alileta tangi nyumbani, kisha mume akaondoka tangi likabaki, na katika hao wawili nafikiri nilibakiwa na mwenye faida. Lakini nililifua kama wewe, na nililia kama wewe.

Huyo Injinia usimzuie. Aje Jumapili, na ndoo zake, na hao wenye misuli. Ila kazi yao inabadilika. Wachote maji ya tangi mpaka libaki na kidogo tu chini, wayaweke kwenye ndoo safi ambazo hazijawahi kuona sabuni, na samaki wakae humo humo. Wakipitisha mkono kwenye majani wapitishe taratibu. Kisha wanyanyue tangi, wasilinyanyue limejaa hata kama wanajiona majabali, maana kioo kitawapasukia, na walirudishe kwenye ukuta wa ndani karibu na kabati la vyombo. Mrudishe maji yale yale, na yanayopungua mjazie ya bomba yaliyokaa ndooni wazi tangu jana yake. Maji ya bomba ya papo hapo yana dawa, yanawaunguza.

Baada ya hapo usimwage tena maji yote maishani mwako. Kila wiki toa robo, rudisha robo. Sifongo likamue ndani ya hayo uliyoyatoa, mara mbili tatu basi, likibaki na rangi ya chai liache hivyo hivyo. Kioo futa kwa kitambaa safi. Zile nyuzi zizungushe kwenye mswaki mpya uzivute. Jani lililofunikwa kabisa likate, na ukate kwa mkasi wa baba yako. Najua mama ameufunga kwenye kitambaa mahali fulani, muombe. Halafu nenda kwa wauza samaki uliotaka kwenda, lakini ununue majani, yale yanayokua mbio, upande mengi. Majani yakishiba, mwani unalala njaa.

Huyo kambale wa bandia mfute kichwani. Mwanamke aliyeishi na Mwenyekiti miaka yote hiyo atamtambua mgeni kabla hujamaliza kufungua mfuko, na hapo utakuwa umempa msiba wa pili. Na ule uongo wa "yupo, mama" uache pia. Mwambie, "Mama, sijamwona, njoo tumtafute wote." Ni mtu mzima, ameshazika, ukweli hautamvunja.

Chakula atoe mtu mmoja, naye ni mama, asubuhi, kiasi ambacho samaki watakimaliza yeye akiwa bado amesimama pale. Wageni wenye ndevu waambie sasa hivi wanaonyamaza hawapewi chochote, wanaosimulia ndio wanaopewa chai. Wamkalie mama wamwambie walivyolia kwenye ule ubao. Hicho ndicho walichokuja nacho, walikosa tu pa kukiweka.

Kuhusu televisheni, mwambie kaka yako hivi: anaogopa kumwona mama amekaa peke yake, ndiyo maana anataka kumletea kitu cha kumsemesha. Basi aje amsemeshe yeye. Siku mojamoja, viatu avue mlangoni, akae. Redio aliiua, asiue na hili.

Usitegemee muujiza. Maji yatabaki mabaya wiki kadhaa, na utatamani kukimbilia sabuni. Ifiche hiyo sabuni.

Sasa imebaki ile ngumu, nayo nimeiacha makusudi. Taa.

Taa lazima ianze kuzimwa. Iwashwe asubuhi wakati wa chai ya saa nne, izimwe jioni kabla hamjala. Na wa kuizima si wewe, wala si Injinia. Ni mama. Jumapili hiyo hiyo tangi likisharudi mahali pake, msimame huku na huku, mumwombe azime yeye, na aseme yale maneno, haya jamaa, tumefunga. Huenda sauti ikamkwama. Ikimkwama mmalizieni. Kulia mtalia, lieni, mlikuwa mnadaiwa machozi hayo tangu siku mlipoogopa ile swichi.

Kisha msiondoke hapo. Umeniandikia kwamba baba yako alikuwa anakaa gizani na hukujua anangoja nini. Mimi najua. Kambale wa namna ile hapendi mwanga. Taa ikiwaka anajichimbia chini ya mizizi, ndiyo maana watoto wote wale walimtafuta mpaka nywele zikaisha. Giza likiingia ndipo anapotoka. Nyinyi mmemwashia taa tangu msiba, halafu mnaulizana kwa nini haonekani. Baba yako alikuwa akifunga duka, anamngoja Mwenyekiti.

Kama bado yu hai baada ya sabuni ile, siwezi kukuahidi. Ila viumbe wale ni wagumu kufa. Kwa hiyo mvutie mama kiti chake, Injinia avute chake, na wewe chako. Kaeni kimya. Chakula leo kiacheni kipoe.