Maziwa ya Mchumba Aliyekataliwa

Mjukuu wangu Neema,

Bwana asifiwe. Huku Louisville tuko wazima. Tante, shangazi yako wa Columbus, amejifungua binti, na baba yako mdogo amepata kazi ya mchana kwenye stoo ya mtaa wa Okolona.

Umeniandikia kwamba katika opera ya shule yenu huko Buffalo umepewa wimbo wa huzuni, na mwalimu anasema ndio utakaochekesha kuliko zote. Unaogopa watakucheka wewe.

Bon, sikiliza: kule milimani kwetu, enzi zangu, kwaya yetu ya vijana iliigiza arusi kwa nyimbo kanisani. Mimi nilikuwa mchumba aliyekataliwa. Kwenye mazoezi nilikunja uso na kutikisa mabega, wala hakuna aliyecheka. Siku yenyewe woga ulinisahaulisha vituko vyote, nikaimba kama mtu aliyeachwa kweli. Sauti yangu ikashuka chini kabisa, kwaya ikajibu polepole, "Hakutaki, hakutaki."

Mama mmoja mzee akainuka kwenye benchi, akaniletea kikombe cha maziwa, maana kwetu mwenye huzuni hunyweshwa kwanza.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Wasichana ni wengi."

Kanisa zima likavunjika mbavu. Yule mama peke yake hakucheka. Nikanywa, nikapangusa midomo, nikamaliza ubeti wa mwisho. Sikuona aibu hata kidogo.

Donc, basi wewe imba huzuni yako mpaka mwisho. Kicheko waachie wao.

Mama yako ameniambia atakaa mbele siku hiyo. Nimemwomba abebe maziwa.

Babu yako